Ndege Hakutoka

Uvumi ulimkuta Monjia kwenye foleni ya mkate, saa ile tanuri la pili linapofunguliwa na kila mtu anasukuma mbele pasipo nafasi. Dalenda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwinamia sikioni.

"Umesikia ya mtoto wa muuza samaki? Kaacha dawa zake. Kaenda kwa miguu, peku, mpaka mpakani, na mama yake hajamtia machoni tena. Hakika, shoga, hakika kabisa!"

Kwenye "kabisa", shomoro alimtoka Dalenda mdomoni, akajikung'uta mate, akatua begani kwa Monjia.

Watu wa mtaa ule wa mjini Sfax walishazoea. Mtu akisema kwa uhakika jambo lisilo kweli, hutoka ndege. Akisema kweli hatoki kitu, na akianza na "labda" hatoki kitu vilevile. Asubuhi ya baada ya harusi wanawake hufagia vinyesi vya ndege hadi mgongo unauma, lakini hakuna aliyewahi kunyamaza kwa ajili hiyo.

Dalenda alimtazama yule shomoro. "Basi labda hakufika mpakani."

Monjia alimfukuza shomoro kwa ncha ya mtandio. Hakuondoka. Monjia alikwenda naye hamamu kuoga, akalala naye mto mmoja. Alijua fika kwamba uvumi wenye ndege ni wa uongo. Lakini mama hangoji habari iwe kweli ndipo imnyime usingizi.

Maana naye alikuwa na Wajdi. Kijana wake wa pekee alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aamini yasiyokuwapo, na siku hizo alikuwa ameanza kuficha vidonge chini ya mto wa kiti. Kwa hiyo Monjia alimwendea Daktari Raudha, mwalimu wa kikundi cha wagonjwa ambacho Wajdi alikihudhuria kila Alhamisi. Daktari alimpa kichupa cha matone ya dawa yasiyo na rangi wala ladha.

"Tia kwenye supu, asijue. Nyumba itatulia."

Na kwenye kikundi, daktari huyohuyo aliandika ubaoni neno moja kubwa: LABDA. Aliwaonyesha picha, akiifunua kidogo kidogo, na kuwauliza ni ya nini. Mwenye pupa alisema "paka!" na ndege akamtoka, akapitia dirishani, kabla masikio ya sungura hayajafunuliwa.

"Akili ina haraka," aliwaambia. "Kabla hujaamini, jiulize: ushahidi wangu ni upi? Hakuna maelezo mengine?"

Wajdi alishika somo. Zamani alikuwa akijaza njiwa sebuleni kwa madai yake: majirani wanamsikiliza kupitia bomba, msomaji wa habari wa televisheni anamtaja kwa mafumbo. Sasa mapazia yalikaa safi wiki nzima.

Siku moja aliweka kijiko chini. "Mama, hii supu ina kitu?"

"Kitu gani? Ina ngano, ina kondoo, ina mkono wa mama yako."

"Niapie."

Monjia aliivuta ncha ya mtandio mdomoni kama mtu mwenye mafua, akaweka kiganja juu ya mkate. Kwao mkate ukianguka huokotwa na kubusiwa, na ukiapiwa, mazungumzo yameisha.

"Naapa kwa neema hii, hamna kitu."

Ndege alipapatika ndani ya kitambaa. Monjia alikohoa, akakimbilia jikoni, akamwachia dirishani. Aliporudi, unyoya mmoja ulikuwa unaelea kwenye bakuli.

Wajdi aliutoa kwa kijiko, akautazama sana. "Unyoya mmoja si ushahidi," alisema, kama alivyofundishwa. "Labda ni wa huyo wa begani kwako."

"Labda," alisema Monjia.

Wajdi akainywa supu mpaka chini. Alhamisi, kikundini, aliwasimulia wenzake jinsi alivyoishinda shaka yake, na Daktari Raudha akawaambia wampigie makofi.

Jumapili moja, Dalenda akiwa mgeni wa chakula cha mchana, Wajdi alionja, akasema bila labda:

"Kuna dawa kwenye supu yangu."

"Haya, yameanza tena!" Dalenda alicheka. "Fungueni dirisha apite!"

Wote wakangoja. Wajdi aliacha kinywa wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Ndege hakutoka. Dalenda aliinama, akachungulia chini ya meza.

"Labda kachelewa," alisema.

Supu ikapoa.

"Uliapa kwa mkate, mama."

"Niliogopa, mwanangu." Hapo pia ndege hakutoka.

"Mimi niliogopa kabla yako. Nikaenda kufundishwa. Nikaikana akili yangu, nikakuamini wewe."

Alhamisi Wajdi alikwenda kikundini mapema, Monjia nyuma yake, shomoro begani. Alisimama mbele ya wenzake.

"Daktari, ulijua?"

"Sikujua, Wajdi."

Korongo ni ndege mkubwa. Daktari Raudha alilazimika kushika meza mpaka miguu yote miwili ya ndege huyo ilipomtoka mdomoni. Korongo akakunjua mabawa, akatua juu ya ubao, na wagonjwa wakasogeza viti ili apate nafasi. Daktari alijifuta kidevu.

"Leo," alisema, "tutazungumza juu ya kuwaamini wengine."

Wajdi alikaa. Nyumbani hapakuwa tena mahali pa kurudi mapema.

Tangu siku hiyo hujichemshia mayai, akayamenya mwenyewe, kwa sababu yai lina ganda. Monjia bado hupika supu kila siku, bado huhesabu matone, huiweka mbele yake, na Wajdi huisukuma kando. Huinywa shomoro. Siku hizi analala sana, lakini begani hajashuka.

Basi wewe mwenye mtoto kama huyu, epuka haya:

Usibebe maneno ya foleni hadi nyumbani.

Usimtilie dawa kwenye chakula. Mpe mkononi, akiona, na akikataa, kaa naye mzungumze.

Usiape kwa mkate.

Usicheke kabla ndege hajatoka.

Usimfundishe mtu kusema "labda" juu ya jambo ambalo wewe unalijua.