Abiria wa Bodi la Nyuma

Pikapu ililetwa Jumanne saa nne asubuhi, ikiburutwa na trekta, ikaachwa mbele ya kibanda cha fundi wa viti vya magari, kati ya kiti cha basi kilichofumuliwa na ndoo ya gundi. Dereva wa trekta alishuka akijifuta jasho. Njia ya nusu saa ilikuwa imemla saa tatu.

"Dada, umenunua gari au umenunua mlima?"

"Nimenunua nilichoweza," alijibu fundi wa viti, akamletea maji.

Alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Pikapu ilimzidi umri. Ilikuwa na taa za duara, usukani mwembamba, na rangi ya bluu iliyobaki kwenye pembe tu, pale ambapo kutu haikufika. Kwa miaka sita ilikuwa imekaa kwenye magugu nyuma ya ofisi ya machimbo ya kokoto, tangu asubuhi ile ukuta wa mwamba ulipoporomoka. Kabla ya hapo ndiyo iliyobeba vibarua kila siku. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alipanda asubuhi hiyo na wenzake kumi, hakurudi.

Uongozi wa machimbo ulisema siku ile hakukuwa na zamu. Kwa kuwa hakukuwa na zamu, chini ya mawe hakuna mtu, na kwa kuwa hakuna mtu, hakuna haja ya kufukua. Vijana wenyewe huenda walitafuta kazi kwingine. Vijana ndivyo walivyo.

Mama yao alikuwa na moyo uliochoka. Daktari alishasema hivyo waziwazi, tena mbele yake. Mama hakutaka kusikia habari za vidonge. "Nataka nijue namlilia mwanangu nikielekea wapi," alisema. "Nipeleke nikasimame pale, mwanangu, kabla sijaondoka." Mara nne fundi wa viti alimpeleka akimshika mkono, na mara nne mlinzi wa geti akawarudisha. Wanaokuja kwa miguu hawaruhusiwi. Wanaoruhusiwa ni wenye magari ya kupakia kokoto, na gari liwe na cheti cha ukaguzi.

Ndiyo maana akanunua gari.

Kazi ya injini aliifanya fundi makanika wa jirani, aliyeitwa Spana kwa wembamba wake. Aliosha kabureta, akabadilisha plagi, akaziba rejeta, akang'oa nyaya zilizotafunwa na panya. Fundi wa viti alishughulikia kiti cha mbele. Alikifumua polepole, akipekua nyasi kavu zilizojazwa ndani, akitumaini kupata kifungo cha shati au chochote cha mdogo wake. Alipata kitana cha dereva. Vibarua hawakuwahi kukaa mbele.

Kila jioni alipoingia ndani mama alimuuliza, "Imepona?"

"Bado kidogo, mama."

"Mwambie afanye haraka. Mimi na hilo gari tunakimbizana."

Wiki ya tatu injini iliwaka, ikakohoa, ikatulia. Lakini nyuma ilikuwa bado imekaa chini, bodi linakaribia kugusa matairi, na juu yake hakukuwa na kitu. Spana alifunga springi mpya. Ikabonyea. Akaongeza vyuma viwili kila upande, kama lori. Ikabonyea vilevile. Akapanda kwenye tairi, akagonga bodi kwa ngumi, akatega sikio.

"Fundi," alimwita, "hili gari haliumwi. Limebeba watu."

"Wangapi?"

"Mimi ni wa injini. Watu kawaulize wenye mizani." Kisha akamwambia asikate kona kwa kasi, maana nyuma hakuna mahali pa kushika.

Mkaguzi wa magari alikuwa mtu wa utaratibu, kalamu tatu mfukoni. Alijaribu breki, akawasha taa, akasoma bamba la chuma mlangoni lililosema gari tupu lina kilo elfu moja na mia moja. Mizani ilisema elfu moja mia nane na arobaini. Mkaguzi alizunguka nyuma, akaangalia bodi tupu kwa muda, akarudi mezani.

"Hawa wanafanya kazi gani?"

"Wanavunja mawe."

"Basi ni wembamba. Tuseme kilo sitini na mbili kila mmoja, na nyundo ya kilo tano." Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. "Kumi na mmoja. Zinabaki kilo tatu."

"Itakuwa maji yao ya kunywa," alisema fundi wa viti.

Mkaguzi alikubali kuwa ni maji. Akaandika kwenye cheti: Breki nzuri. Taa nzuri. Abiria kumi na mmoja, bodi la nyuma, wasafiri wakiwa wamekaa. Akagonga muhuri.

Fundi wa viti aliisoma karatasi ile mara nyingi njiani kurudi. Kwa miaka sita hakuna mkono wa serikali uliokuwa umeandika kumi na mmoja. Alijiambia kwamba sasa watafukua. Aliamini hivyo kabisa.

Kesho yake alimketisha mama kwenye kiti kipya, wakaondoka alfajiri. Mlinzi wa geti alitazama cheti, akatazama nyuma, akaandika kwenye daftari lake: Gari moja. Tupu. Mara tu lilipoingia, nyuma liliruka juu kwa zile springi za lori, na mama akasukumwa mbele hadi akashika dashibodi.

"Wameshuka," alisema mama.

Meneja alikisoma cheti akiwa amesimama dirishani kwake.

"Sikatai," alisema. "Ni karatasi halali. Lakini hapa pameandikwa abiria. Hapakuandikwa wafanyakazi wangu."

"Mzee, ni haohao kumi na mmoja."

"Abiria ni wa mwenye gari, dada yangu. Sasa hivi mwenye gari ni wewe." Akamrudishia karatasi kwa heshima.

Wakati huo nyundo zilianza kulia chini ya ukuta ulioporomoka. Hakuna aliyegeuza shingo. Wapakiaji walisogeza karai zao karibu. Mama alishuka, akajikongoja hadi kwenye ukingo wa shimo, akafumba macho.

"Yule wa tatu," alisema. "Anapiga mbili, anapumzika moja. Hata nyumbani, akigongelea msumari alikuwa hivyohivyo. Mvivu yule." Akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka, akabaki amesimama na kanga yake mkononi, tayari kwa machozi yaliyokuwa yamemleta.

Hakulia. Alisema hawezi kumlilia mtu aliye kazini.

Lundo la kokoto lilikua mpaka saa kumi, likapakiwa, likauzwa. Mama alikataa kuondoka. "Wamechoka," alisema. "Usiwaache watembee." Saa kumi na nusu nyuma ya pikapu ikashuka, na fundi wa viti akaendesha taratibu. Mtaani ilimbidi asimame mara nyingi. Kila iliposimama mbele ya mlango fulani, nyuma ilipanda kidogo, na mwenye mlango akausukuma wazi. Wa mwisho alishukia kwao.

Asubuhi wote walikuwa wamepanda tena.

Siku ya tisa fundi wa viti alificha ufunguo kwenye mfuko wa uzi. Alisema hatawapelekea wenye machimbo vibarua wa bure. Lakini mchana nyundo zilisikika vilevile kutoka kilimani, na jioni hakuna mlango uliosukumwa. Mama alikesha ameketi. Kulipokucha, kina mama sita na wake wanne walikuwa wamesimama mbele ya kibanda, hakuna aliyempandishia sauti.

"Dada," mmoja alisema, "kwenda wanajua wenyewe. Kurudi ndiko hawawezi. Tunakuomba."

Alitoa ufunguo.

Akaendelea. Aliandika barua kwa meneja, akaambatanisha nakala ya cheti, akajibiwa kwamba imepokelewa. Aliandika nyingine, ikapokelewa. Mama alihamia bodi la nyuma, kwenye kona ya kushoto, akawa anasafiri huko akizungumza habari za nyumbani: paa linalovuja, dada yako anavyokonda. Akiulizwa kama moyo unauma alisema sana. Akiulizwa kama atalia alisema mtoto bado hajastaafu.

Alikufa Alhamisi, kabla ya chai. Alizikwa kesho yake, na walioweza kuja walikuja.

Jumamosi alfajiri fundi wa viti aliwasha gari. Springi zilibonyea kama kawaida, kisha zikabonyea kidogo zaidi, kwenye kona ya kushoto. Ulikuwa uzito wa mtu wa kilo arobaini hivi. Alingoja huyo mtu akae vizuri, akaachia breki.

Getini kumi na mmoja walishuka. Nyuma ikaruka juu, lakini kona ya kushoto ilibaki imeinama, kwa kuwa huyo wa kona hakuwa wa zamu. Nyundo zikaanza: mbili, pumziko moja. Fundi wa viti alizima injini ili abiria wake asikie vizuri.

Mlinzi alikuja na daftari, akazunguka gari, akainama kutazama upande uliolala. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika: Gari moja. Tupu.