Vipokezi Vilivyorudi Nyumbani

Gesche Harmsen alikuwa na mkono usiotetemeka, na mkono huo ndio uliompatia kazi katika maabara ya Profesa Ottmar Brehmke, mjini Göttingen. Siku nzima aliinamia darubini, akishusha sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, juu ya seli moja ya moyo wa panya. Alidondosha adrenalini kidogo mno mahali pamoja tu: ama juu ya matuta ya utando wa seli, ama kwenye tundu la mfereji unaozama ndani yake. Seli ilitiwa rangi maalumu, hivyo ishara ilipopita paling'aa.

Kwa miaka miwili majibu yalikuwa yale yale. Kwenye moyo mzima, usio na ugonjwa, kipokezi walichokifuatilia, yaani sehemu ya seli inayoipokea adrenalini, kilikaa mferejini, na ishara yake iliishia hapo hapo. Kwenye moyo uliochoka, vipokezi vilihamia matutani, na kimoja tu kikiguswa, seli nzima iliwaka.

Alhamisi hiyo mambo yakapinduka. Kisahani cha seli chenye jina "mzima" kiliwaka chote. Kile cha "mgonjwa" kikatulia.

"Profesa, kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kimekaa sawa kabisa," alisema Profesa, macho yakimeta. "Moyo ukiugua, vipokezi vinarudi nyumbani. Unajua maana yake, binti yangu? Walioandika kinyume wote walikosea."

"Walioandika ni sisi, Profesa."

"Basi tumejikosoa wenyewe. Ni heshima kubwa hiyo."

Kabla Gesche hajavua glavu, Profesa alishampigia simu rafiki yake Wendelin wa Leipzig.

Gesche alirudi kwenye darubini na wasiwasi wake. Seli za "mzima" zilikuwa bapa, mifereji yake imechakaa, kama za moyo uliougua. Za "mgonjwa" zilikuwa na matuta yaliyopangika vizuri. Akainua mfuniko mmoja. Pembeni palikuwa na chembe za sukari na mdalasini, na doa la zambarau. Mlangoni palibandikwa tangazo la kukataza kula maabarani, na sahihi chini yake ilikuwa ya Brehmke.

Akamfuata ofisini.

"Asubuhi uliingia maabara, Profesa?"

"Nilichungulia tu."

"Na keki?"

"Keki gani?"

"Ya plamu. Yenye mdalasini."

Profesa akaikung'uta tai yake taratibu, jambo ambalo mtu asiye na hatia halifanyi.

"Sikuila mle ndani," alisema. "Niliishika tu. Mkono mmoja keki, mwingine mifuniko."

"Yote miwili?"

"Nilitaka kulinganisha."

"Kisha ukairudisha."

"Yote."

"Kila mmoja mahali pake?"

Profesa aliitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Hapo ndipo sina uhakika."

Hasira zilimpanda Gesche, kisha zikamwishia njiani, kwa maana alikumbuka jambo. Kila mwaka aliwafokea wanafunzi waandike majina kwenye kisahani chenyewe, si kwenye mfuniko.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Niliandika juu ya mifuniko."

"Aa," Profesa alisema, uso ukichangamka. "Afadhali."

Ijumaa Gesche alirudia kazi kwa seli mpya, majina yakiwa chini ya visahani. Vipokezi vilikutwa pale pale vilipozoeleka. Profesa aliyatazama majibu, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo jana ulimjua mgonjwa bila kuambiwa ukweli."

"Nilimjua kwa mahali vipokezi vilipokaa. Jina lilinidanganya, vyenyewe havikudanganya."

Mkono wa Profesa ukaenda kwenye simu. Gesche akataka kumzuia, akachelewa.

"Wendelin? Ile habari ya jana, isahau. Nina nzuri zaidi. Tumefanya jaribio la kificho, mpimaji hakujua kipi ni kipi, na bado amepatia." Akasikiliza. Gesche aliziba mdomo kwa kiganja, akigeukia dirishani.

"Nani aliyeficha majina?" Profesa alirudia swali, kisha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mimi mwenyewe."