Magoti ya A-Lan

Nasema, na sauti sipunguzi: ule ulikuwa uonevu. Watu wazima na vitambi vyao walikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, wakaamua kwamba mtoto aliyedhulumiwa ndiye apige magoti.

Mimi huwapamba waigizaji wa "Mtungi Mmoja, Koo Mbili", mchezo unaoonyeshwa kila siku saa mbili usiku, mwaka wa nne sasa. Hapa mtaani kwetu Sanchong nani hajui? Kwangu majirani hujaa mpaka mlangoni, maganda ya mbegu za tikiti yakalala sakafuni kama mchanga. A-Bi, muuza popoo wa pale kona, hufunga kibanda mapema ili aje kuwatukana watu wa ndani ya runinga.

Humo ndani kuna A-Lan, binti wa miaka kumi na saba, wa ukoo unaopika sosi ya soya. Nywele nyekundu, pikipiki ya kuazima, mdomo usio na breki. Mwanzoni A-Bi alimchukia. Pin-yu, msichana anayemwigiza, alipokwenda kununua mboga sokoni aliambiwa, "Kamwombe radhi bibi yako kwanza, ndiyo nikuuzie!" Baadaye tukaonyeshwa chanzo chenyewe: bibi alimsingizia mama yake A-Lan wizi, akamtoa nje na begi moja, mvua inanyesha, mtoto anaona. Tangu hapo A-Lan akivunja mtungi wa sosi, sebule yangu nzima hupiga makofi.

Sasa Mwaka Mpya ukakaribia. Mchezo wetu huandikwa leo, huchezwa leo, huonyeshwa leo. Asubuhi kurasa zinaletwa zina joto la mashine bado, jioni unajiona kwenye runinga. Asubuhi hiyo nilikuwa namtia Pin-yu rangi ya nywele. Akasoma ukurasa wake, akanigeukia.

"Shangazi, wanataka nipige magoti."

"Kwa nani?"

"Kwa bibi. Nimpe chai kwa mikono miwili, niseme, 'Mimi ndiye mkosaji.' Halafu tunakaa meza moja, tunakula, tunacheka."

"Na mama yako?"

"Hatajwi."

Nilikwenda kwa mwongozaji, Bwana Chuang, brashi mkononi inadondosha rangi.

"Bwana Chuang, huyu mtoto amekosa nini?"

"Dada Khim, wewe paka poda. Mwenye kampuni ya dawa ya nguvu, anayetulipa kwa matangazo yake, anataka familia yenye furaha sikukuu hii."

"Familia yenye furaha! Na yule mama mmemweka wapi, chini ya zulia?"

"Watazamaji wanataka amani."

"Wapi hao? Wangu nawajua mpaka wanaokoroma, na hakuna aliyeniambia anataka amani!"

Akacheka. Kisha akamwona Pin-yu, ambaye alikuwa amenifuata, na kicheko kikakatika. "Kama hutaki, sema sasa hivi. A-Lan anaweza kutoweka kesho. Wasichana wenye magoti wako tele."

Pin-yu akaukunja ukurasa wake. Msidanganywe na zile nywele. Nje ya kamera yule ni mtoto wa kusalimia hata paka. Tangu nimjue hajawahi kumjibu mtu mzima. Na Bi Kuei-hsiang, mwigizaji wa siku nyingi anayecheza bibi, alikuwa pale pale anakunywa uji wake. Neno halikumtoka. Nikamkasirikia na yeye.

Mpaka tunawasha taa alasiri, tulikuwa tumeshachelewa, kama kawaida yetu. Sebule ya ukoo imepangwa: madhabahu ya mababu, bibi kitini, meza ya duara imejaa samaki na maandazi ya mvuke. Pin-yu akaingia na kikombe, mikono miwili kama alivyoandikiwa. Akafika mbele ya bibi.

Akaweka kikombe mezani. Akageuka, akampa mgongo bibi, akawapa mgongo na mababu, akapiga magoti akiutazama mlango. Ule ule aliopitishwa mama yake alipofukuzwa.

"Mama," akasema, "mimi ndiye mkosaji. Ulipokuwa unatolewa nilikaa kimya. Leo wananiita mezani nicheke, na kiti chako hawajakiweka."

Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Chuang alifungua mdomo asimamishe. Akaitazama saa. Akaufunga. Mwigizaji anayecheza mtumishi, maskini, hakujua afanye nini, akaenda kuufunga mlango.

"Uache wazi," akasema Bi Kuei-hsiang. Alikuwa ameandikiwa atabasamu na kunywa chai. Chai hakuigusa.

Taa zilipozimwa Chuang alilipuka. "Nani kaandika upuuzi huu? Turudie!"

"Urudie saa ngapi, mwanangu?" Bi Kuei-hsiang alikuwa anavua wigi. "Hujakata picha, hujaweka muziki. Saa mbili haikungoji. Na mimi mgongo unaniuma."

Nikamchukua Pin-yu kwangu. Usiku ule magoti yale yalipoonyeshwa, A-Bi aliruka kutoka kitini, akaipigia kelele runinga: "Mfuateni mama yake basi! Mnautumbulia macho mlango, mlango utawapa nini?" Akamkumbatia Pin-yu na mate yake mekundu ya tambuu, akalia.

Kesho yake kurasa zikaja. A-Lan hakuandikiwa neno hata moja. Jioni akaja kutazama pamoja nasi, amebanwa katikati ya A-Bi na ukuta. Familia inakula, inacheka. Baba mtu akauliza A-Lan yuko wapi. Mjomba akajibu, huku anatafuna samaki: "Amekwenda kusoma Japani."

Basi. Mtoto tuliyekaa naye miaka minne, kafutwa kwa mdomo uliojaa samaki.

"Japani?" A-Bi alisimama. "Jana yuko sakafuni, leo yuko Japani! Kaenda kwa magoti?"

Pin-yu alicheka, kicheko kikageuka kilio, akafunika uso. "Shangazi, bado ningefanya vile vile."

"Najua, mwanangu. Kula."

A-Bi alikuwa ameshaishika simu yangu. Nyuma yake mke wa fundi baiskeli anamsukuma, nyuma yake mama mkwe wa kinyozi, nami nikajipanga nyuma ya wote ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Halo, kituo? Nipe huyo aliyempeleka mtoto Japani. Hapana, sina haraka. Tuko wengi."