Kipimo cha Mtu Aliyekaa

Kayaki ilimkubali Msumari hadi magotini, ikamvumilia hadi mapajani, kisha ilipofika kwenye nyonga ikakataa katakata. Alibaki katikati ya karakana, nusu ndani nusu nje, ameshika kingo kwa mikono miwili, huku miguu yake ikihangaika mle gizani kutafuta mahali ambapo ingekaa kama isingekuwa mirefu kiasi kile.

"Ingia tu," alisema baba yake. Alikuwa amesimama pembeni na brashi ya vanishi mkononi. "Jisogeze kidogo."

"Najisogeza, baba. Chombo ndicho hakisogei."

"Vuta pumzi."

"Nikivuta ndiyo navimba."

Nyuma ya cherehani, mama alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua yoyote ndani yake.

Inapaswa kuelezwa hapa, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba baba wa Msumari alikuwa fundi wa majeneza, na kwamba mtaa mzima ulimwita Mzee wa Sanduku bila yeye kununa. Utani wa mtaa ulikuwa mmoja tu, na aliusikia kila wiki kwa uvumilivu uleule: kwamba biashara yake ni nzuri kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba panambana. Lakini ukweli ni kwamba hata wangerudi wasingelalamika. Mfiwa alieleza umbo la marehemu kwa maneno mawili matatu, mrefu kiasi, mabega mapana, na fundi akautazama ukuta kwa muda, kana kwamba mtu yule amesimama pale, kisha akachukua msumeno. Jicho lake halikuwa limemdanganya kamwe. Mama ndiye aliyeshona vitambaa vya ndani, vyeupe, vyenye mikunjo midogo midogo, na hivyo ndivyo mtoto wao alivyolelewa, akasomeshwa, na kulipiwa bweni ambako walimu walimwandika kuwa ana akili na ana matatizo.

Habari ya kayaki aliileta yeye mwenyewe likizo iliyopita. Alikuwa ameona picha kwenye jarida moja la maktaba ya shule: vyombo vya majini vyenye mifupa ya fito nyembamba zilizofungwa kwa uzi, vikavishwa turubai, vikapakwa rangi, vyepesi kiasi kwamba mtu mmoja hubeba chake begani na kutembea nacho kama anakwenda sokoni. Alimhadithia baba yake kwa nia mbaya kabisa.

"Baba, wenzako huko wameendelea. Wanatengeneza masanduku yenye tundu la kutokea."

Baba hakucheka. Aliacha kusugua msasa, akauliza, "Uzito wake?"

Kesho yake sakafu ya karakana ilikuwa imechorwa chaki kutoka mlangoni hadi ukutani. Kesho kutwa mama alilitafuta birika lake kubwa na kulikuta limeunganishwa na bomba refu, ndani ya bomba fito zikipikwa kwa mvuke ili zilainike na kupindwa ziwe mbavu. Alisema aliyoyasema. Birika halikurudi jikoni. Likizo ilipokwisha kayaki ya kwanza ilikuwa tayari, ya baba mwenyewe, aliyoiunda kwa kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, kama kuku anayechagua kiota. Akamwahidi binti yake: ukirudi utaikuta yako. Wangeshuka na mto kuanzia chini ya daraja hadi ziwani kwa shangazi, wao wawili, wakilala kandokando ya maji, na kwenye miamba wangebeba vyombo vyao begani na kupita.

Msumari aliiwaza safari ile muhula mzima. Mwakani angekuwa na mtihani wa mwisho, na alikwishawaona waliomtangulia: baada ya mtihani ule watoto hawarudi nyumbani, huja kusalimia. Ilikuwa likizo hii au basi. Na sasa amerudi, ameikuta kayaki yake, ya rangi ya bluu, nzuri kuliko ile ya kwanza, nyepesi kuliko ile ya kwanza, na haimtaki.

Kwa bahati mbaya kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliingia wakati huohuo, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Eh! Mzee wa Sanduku! Leo mteja anachungulia?"

Nyuma ya kinyozi walikuja wateja wake wawili, mmoja kanyolewa upande. Hadhira. Msumari, ambaye shuleni alikuwa mwenyekiti wa mdahalo na mshtakiwa wa kudumu wa baraza la nidhamu, hakuwahi katika maisha yake kuiacha hadhira iende bure.

"Ndugu wananchi," alianza, akiinua mkono mmoja. "Ninasimama mbele yenu, na mnaona wenyewe kwamba sina namna ya kukaa. Ninayo heshima ya kuwa mteja wa kwanza wa karakana hii aliyepata nafasi ya kulalamika. Fundi wetu amekosea kipimo. Na kwa wale wote waliotangulia kabla yangu, tunasema poleni sana. Hatukujua."

Kinyozi alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Yule aliyenyolewa upande alipiga makofi. Baba naye alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la kazini, lile analowapa watu wanaokuja macho yakiwa mekundu. Aliweka brashi chini. Akamshika binti yake kwapani, akamvuta juu taratibu kama anamtoa mtoto kwenye beseni, akamsimamisha sakafuni. Kisha akaibeba ile kayaki ya bluu, akaitundika kwenye vigingi karibu na dari.

"Tutaona likizo nyingine," alisema.

Katika nyumba ile neno "tutaona" lilikuwa mlango unaofungwa kwa adabu.

Mchana kutwa Msumari alitembea na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kukwama. Alikuwa ameundiwa chombo cha mtoto fulani ambaye baba yake alimfahamu zamani, msichana mwembamba wa kimo cha dirisha aliyeondoka na sanduku la bati na hakurudi tena. Aliyerudi mahali pake alikuwa na miguu, na nyonga, na sauti nzito, na hakuna aliyemtazama vizuri. Alikwenda kumalizia hasira yake kwa mama, aliyekuwa akikunja kitambaa cheupe mezani.

"Si angenipima tu, mama? Tepu iko mfukoni mwake tangu sijazaliwa. Anapima milango, anapima meza za watu. Mimi sare yangu ya kwanza ilikuwa na nafasi ya wanafunzi wawili na mgeni."

"Ulikua ndani yake."

"Hadi leo sijafika kwenye pindo. Kwa nini nyumba hii hatupimwi?"

Mama alitia uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda.

"Kaka yako alipimwa," alisema.

Msumari alimjua kaka yake jinsi mtu anavyokijua chumba cha nyumbani kisichofunguliwa: kipo, kina mlango, watu hupita mbele yake wakipunguza sauti. Alikuwa wa kwanza. Aliondoka akiwa mdogo. Hayo ndiyo yote.

"Alitaka kitanda chake mwenyewe," mama aliendelea, macho yakiwa kwenye mshono. "Baba yako akamlaza sakafuni, pale pale karakana. Akampima. Walicheka wote wawili, maana mtoto alikuwa anatekenyeka, hatulii. Mbao zikakatwa vizuri tu. Homa ikaja kabla kitanda hakijaunganishwa." Alikata uzi kwa meno. "Zile mbao hazikuhitaji kupimwa tena."

Msumari alikaa palepale, na hotuba yake ya asubuhi ikamrudia neno kwa neno, pamoja na makofi yake. Poleni sana. Hatukujua. Alitamani kuyameza yale maneno moja moja na kinyozi juu yake.

Asubuhi iliyofuata alimkuta baba yake akiranda ubao wa mteja, maganda ya mbao yakijikunja miguuni. Hakuinua uso. Msumari akavuta kigoda, akakiweka katikati ya karakana, akaketi, akanyoosha miguu mbele kama anayekaa majini.

"Mzee," alisema kwa sauti rasmi. "Mimi mteja wa jana. Nimekuja kuhusu malalamiko yangu."

"Msumari, nina kazi."

"Mteja ana haki."

Randa ilisimama. Baba alipangusa mikono kwenye aproni, akamtazama, akautazama ukuta, akarudi kumtazama. "Nitakadiria upya," alisema. "Nilikosea kidogo tu. Niache nikadirie."

"Ulishakadiria, baba. Ulimkadiria mwingine." Sauti rasmi ilimtoroka, akaachwa na ile yake ya kawaida. "Mama ameniambia."

Nje kinyozi alikuwa akimwaga maji barabarani na kuimba vibaya. Baba aliweka mkono mmoja juu ya mfuko wa aproni, kama mtu anayezuia kitu kilicho hai kisiruke.

"Mimi siyo wa kulala," Msumari alisema. "Nitakaa. Umewahi kumpima mtu aliyekaa?"

Baba alifikiri kweli, kama fundi. "Hapana," alikiri.

"Basi hii ni kazi nyingine. Hujawahi kuifanya."

Tepu ilitoka mfukoni polepole, ikiwa imefubaa kwa miaka, namba za mwanzo zimefutika. Baba alipiga goti. Alianza na unyayo, akaja hadi gotini, na vidole vyake, vilivyokuwa na uhakika kuliko vidole vyote mtaani, vilikuwa vikitafuta mahali pa kushika kama vya mwanafunzi.

"Tulia," alisema.

"Siwezi. Unatekenya."

Alijuta mara tu lilipomtoka. Lakini baba, akiwa bado ameinama, alitoa sauti ndogo puani, na ilimchukua Msumari muda kutambua kwamba ni kicheko, au kitu kinachokaa nyumba moja na kicheko. Akaendelea. Goti hadi nyonga. Upana wa nyonga, ambao ulimfanya ainue nyusi na aseme, "Loo," na Msumari akasema, "Chakula cha bweni hicho, wala usinilaumu." Kisha akaizungusha tepu kifuani, chini ya makwapa, akaikutanisha, akasoma namba. Msumari akapumua. Namba ikamponyoka. Akaikamata tena, na pumzi ikaja tena, tepu ikateleza tena kati ya vidole vyake, ikarudi, ikateleza. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na kipimo kinachokwenda na kurudi. Alibaki hivyo, kichwa ameinamisha, anaifuata pumzi ya binti yake kwa vidole viwili, na hakuonekana kuwa na haraka ya kupata namba yoyote.

"Hapa," alisema mwishowe, "inabidi niache nafasi."

Uzuri wa chombo kilichofungwa kwa uzi ni kwamba hufunguliwa. Misumari ingewagharimu kila kitu. Nyuzi walizikata tu kwa kisu, moja baada ya nyingine, mifupa ikalegea na kupanuka kama mtu anayefungua mkanda baada ya kushiba. Birika la mama, ambalo lilikuwa limekaribia kurudishiwa uraia wa jikoni, lilichukuliwa tena. Msumari alishika fito zikiwa moto, amejifunga matambara mikononi, akazipinda juu ya goti lake mwenyewe, na zile alizovunja aliziombolezea kwa hotuba fupi hadi baba akamwomba aombolezee kimyakimya. Mama aliliongezea turubai kipande kirefu kila upande. Kwa kuwa ile bluu ilikuwa imekwisha alitumia kijani, akasema atakayeuliza aambiwe ndiyo mtindo. Kinyozi alikuja kuona, akazunguka mara mbili, akatamka kwamba sasa inafanana na mjusi aliyeshiba. Hakuna aliyemkatalia.

Waliondoka siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Chini ya daraja maji yalikuwa ya rangi ya chai, yakienda bila kelele. Msumari aliingia kwenye kayaki yake, nayo ikampokea hadi kiunoni bila neno. Baba alichukua muda. Maisha yake yote vitu alivyovitengeneza vilisafiri bila yeye. Alivisindikiza hadi mlangoni na kurudi kufagia. Alikaa, akashika kingo, akaziachia, akazishika tena.

"Baba, kafi liko juu ya mapaja yako. Hilo ndilo la kushika."

"Naliona."

Kwenye miamba walishuka. Baba akatia bega chini ya chombo chake, akakiinua, kisha akasimama na kugeuka nyuma, akisubiri, kwa mazoea ya majeneza, wengine washike ncha zao. Hapakuwa na mtu. Msumari alikwishatangulia juu ya mawe na kayaki yake begani, akipiga mluzi. Baba akatikisa kichwa na kumfuata, chombo kizima kikiwa juu ya bega moja, na hatua zake zikawa nyepesi kadiri alivyoendelea, karibu za kujionyesha.

Chini ya miamba mto ulipanuka na kutulia. Walikwenda sambamba bila kusema, makafi yakidondosha maji. Msumari alimtazama kwa pembeni na kuona kwamba, wakiwa wamekaa hivi, mabega yao yalikuwa sawa.

"Bado utakua?" baba aliuliza ghafla. Alikuwa akitazama mbele.

"Sijui, baba. Labda kidogo."

Alilifikiria jambo hilo kwa makafi mawili matatu.

"Kua tu," alisema. "Mbao zipo."

Akachovya kafi kwa nguvu, akampita.