Upande wa Wanaopokea

Filamu ilipigwa Osukuru, na nusu ya wanawake wa kijiji waliitwa kusimama barabarani. Kitabu kilichozaa filamu hiyo, Acom, mmoja wao, alikijua. Alikisoma shuleni Tororo pamoja na Okedi, aliyekuja kuwa mumewe, dawati moja: hadithi ya mfanyabiashara wa enzi za kale aliyemwacha mkewe, akatangatanga nchi za watu, mwishowe akarudi. Sasa mwongozaji, binti wa Busia aitwaye Damalie, alikuwa amekihamishia kwenye vita vya Teso. Mfanyabiashara amekuwa mpiganaji.

Okedi naye alichukuliwa katika vita hivyo, ndoa yao ikiwa changa. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya kifo. Kwa hiyo Acom hakumwombolezea, na hakuolewa tena.

Damalie aliyasikia hayo kwa watu. Siku ya kupiga picha za wapiganaji wakirudi, kabla lori halijaja kuwashusha, alimshika Acom mkono kwa heshima akampeleka pembeni, kwa wanawake ambao lori halitawashushia mtu.

"Hapa, mama. Wewe utajua la kufanya."

"Hapa nimesimama miaka yote, mwanangu," Acom alisema. "Leo niweke kwa wale wanapata."

 Damalie akamwita Paddy, mmoja wa waigizaji. "Utashukia kwa mama huyu. Wewe ni mwanawe."

Mwanawe, haya. Kijana alikuwa na umri uleule ambao Okedi aliondoka nao.

Lori likaja na vumbi lake. Paddy akaruka chini, koti la jeshi likimpwaya. Acom alikuwa ameagizwa apige vigelegele, akasahau. Alimshika uso, akampapasa mabega na mgongo kama anayetafuta jeraha, kisha akalaza sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga.

"Umechelewa," alimwambia kwa Kiteso. "Chakula kimepoa."

Damalie alisema basi, imetosha. Acom hakuachia. Paddy akatulia hivyohivyo, mikono yake ikimzunguka, mpaka Acom mwenyewe alipolegea.

Mpiga kamera aliomba warudie. Wakarudia. Acom angerudia mpaka jua lizame.

Jioni Paddy, akiwa amevaa nguo zake, alimfuata.

"Mama, nilikushika vizuri?"

"Vizuri. Kwenu wapi?"

"Masafu."

"Mama yako yuko?"

"Yuko."

"Basi nenda leo," Acom alisema. "Usingoje kesho."