Bei ya Ferrari ya Mama Leonia

Ujiji kulikuwa na Ferrari nyekundu. Wageni walipoambiwa walicheka, lakini wenyeji walishaizoea. Thobias, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akiuza hadi Zambia, aliinunua Lusaka kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaipakia Mpulungu kwenye meli ya mizigo na kuishusha bandari ya Kigoma. Aliiendesha sikukuu tu. Alipofariki, mkewe Leonia aliifunika turubai, na kwa miaka minne akawa anaiwasha kila Jumamosi, kama marehemu alivyomwagiza.

Sasa alitaka kuiuza. Alikuwa amechoka kukodi boti za watu Kibirizi kwa biashara ya dagaa, alitaka yake.

Shemeji yake, Adolf, alimletea mnunuzi: Martini, dalali wa magari kutoka Dar es Salaam. Leonia naye hakutaka kukaa peke yake na wanaume hao, akamwita Diana Tuyizere, fundi wa bodi na rangi mwenye karakana mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma. Diana alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa hapahapa, na ndiye aliyekuwa akipiga rangi malori ya ukoo wa Thobias, ambayo sasa yalikuwa mikononi mwa Adolf.

"Shikamoo mama," Martini alisema, akafungua simu yake. "Tazama. Gari hilihili, modeli hii, mwaka huohuo. Hili linauzwa milioni mia tatu na ishirini. Hili mia moja tisini. Hili la tatu sabini. Lako ni kama hili la tatu. Nakupa sitini, usafiri juu yangu."

"Kwa nini hayo matatu hayalingani?" Diana aliuliza.

"Ni soko tu, dada."

"Naomba simu."

Alisoma polepole, kisha akamgeukia Leonia. "Mama, la kwanza lina gia za mkono, limetembea kidogo, na kitabu cha matengenezo kipo tangu lilipotoka kiwandani. La pili gia zake ni za vitufe kwenye usukani. La tatu liligongwa likabadilishwa injini. Jina ni moja, magari ni matatu."

Akafungua mlango wa Ferrari. Katikati ya viti kulikuwa na kirungu cha gia, kimesimama kwenye bati lenye mifereji. "Hili ni la mkono. Wanaoyapenda haya magari, hii ndiyo wanayoitafuta." Kilometa zilikuwa elfu ishirini na tisa. Alimulika injini, akasoma namba kwa sauti, na Leonia akailinganisha na ile ya kwenye kadi ya gari. Ilikuwa ileile.

Martini hakubishana. Alitoa sumaku mfukoni na kuiweka kwenye boneti. Ikateleza, ikaanguka chini.

"Umeona, mama? Chini ya rangi kuna pati tupu, ya kuzibia mabonyeo. Liligongwa mbele hili."

Adolf alitikisa kichwa kwa huzuni. Leonia akashika mdomo. Diana aliokota sumaku, akainua boneti na kuwaonyesha upande wa ndani, ambako hakukuwa na pati wala alama ya nyundo. "Hii ni alumini. Sumaku haishiki alumini hata ungesimama hapa mpaka kesho. Na wewe unalijua hilo."

Leonia alipoingia ndani kuleta maji, Martini alimsogelea Diana. "Sema liligongwa. Laki tano, sasa hivi."

"Mama Leonia!" Diana aliita, na maji yakaachwa jikoni. "Huyu ananipa laki tano niseme gari lako liligongwa."

"Mwongo!" Adolf alifoka. "Mtu wa kambini wewe, unajua nini kuhusu Ferrari?"

"Kambini sijawahi kuishi, na ningeishi isingekuwa aibu. Ninajua bati." Kisha akachukua ile sumaku na kuipitisha kwenye ubavu mzima wa gari, ambao ni wa chuma; ikashika. Kwenye mlango wa kushoto tu ilianguka. "Hapa kuna pati kweli. Upana wa viganja viwili."

Leonia alimkazia macho. "Diana, uko upande wa nani?"

"Wako, mama. Ndiyo maana nakwambia wewe kabla mnunuzi hajakwambia. Na mikanda ya injini haijabadilishwa miaka minane. Hayo yatashusha bei, lakini hayatashusha mpaka sitini."

Leonia alikumbuka siku ile gari liliposhushwa bandarini, mlango ulipokwaruzwa na mnyororo, na jinsi Thobias alivyokaribia kulia.

"Oya," alisema kwa Kiha, yaani hapana, akamrudishia Martini simu yake. "Siuzi."

"Shemeji, hili ni gari la ukoo!"

"Kadi ina jina langu, Adolf. Soma."

Wiki ileile Diana alipiga picha kila kitu, mlango ukiwa wa kwanza, akaandika kasoro zote na kuliweka gari kwenye mtandao wa wakusanyaji wa magari ya aina hiyo. Adolf alihamishia malori yake karakana nyingine, akapita Ujiji akisema gari litaozea uani kwa kiburi cha wanawake wawili. Miezi miwili hakupiga simu mtu wa maana. Kuna siku Leonia alisema labda sitini zingetosha.

Mwezi wa tatu alipiga daktari mmoja wa Nairobi. Alisema ameshaona magari sita ya aina hiyo, na kila muuzaji alimwapia kwamba lake halina kasoro. Alikuja, akashika ule mlango, akalala chini ya injini nusu saa. Hakutoa mia tatu na ishirini. Alitoa mia moja themanini na tano, na akaeleza kila milioni aliyoipunguza ilikuwa ya nini.

Ferrari ilipopandishwa kwenye lori, Leonia alilia bila kujificha. Adolf alikuja jioni kuuliza fungu lake. Alikaribishwa chai, akanywa, akaondoka na chai hiyo tu.

Malori hayakurudi kwa Diana. Mwezi ule alipiga rangi bajaji nne na geti la msikiti, akalipa kodi ya karakana siku mbili baada ya tarehe.