Amri kwa Mbwa

Hajara alikuwa amenuna tangu Mbale. Safari yenyewe ilikuwa wazo la mumewe, Burhan: vita vimekwisha, barabara hazina vizuizi tena, duka lao la vitambaa kule Jinja limesimama tena, basi twende tukalale kwenye hema kama Wazungu, tukaone mapango ya Mlima Elgon. Na mbwa naye aje. Mbwa huyo aliitwa Tosha, jina alilopewa na Burhan aliyesema najisi mmoja uani anatosha. Kwenye lango la hifadhi waliruhusiwa kuingia naye, mradi afungwe kamba.

Kilichomnunisha Hajara ni neno la Masaba, mwongozaji wao. Pale sokoni Mbale Hajara alimwamuru Tosha kwa Kiswahili akae, Masaba akamsogelea sikioni.

"Mama, hiyo Swahili usiongee na nguvu huko juu. Watu naogopa. Ile ni ya majeshi."

Hajara alitamani kumzaba kibao. Mama yake, mzaliwa wa Kisumu, alimbembeleza kwa lugha hiyo, akamgombeza kwa hiyo, akamwozesha kwa hiyo. Mwaka wa vita, waliovunja duka lao walisema vivyo hivyo: hawa ni watu wa lugha ile. Miaka imepita, nchi imetulia, bado anaambiwa ashushe sauti. Samaki mmoja akioza wote wameoza, haya, lakini lugha si samaki. Wale wenye bunduki walivaa viatu pia, mbona hakuna aliyeacha kuvaa viatu?

"Nitaongea," alisema. "Na mbwa huyu hajui nyingine."

Hilo lilikuwa kweli. Tosha alilelewa kule Kimaka, penye kambi ya jeshi, na mwanajeshi mstaafu, akafundishwa amri za kambini. Ukimsemesha Kiganda alikutazama tu, kama mgeni asiyejua arusi ni ya nani.

Siku ya pili mvua iliwakuta karibu na mapango. Tosha alinusa kitu, akachomoa shingo kwenye kamba, akaingia pango kubwa mbio. Walimsikia akibweka kwa mbali, kisha kimya. Masaba alisema mle ndani mna mashimo, mnyama akitumbukia hatoki. Burhan, kwa adabu ya ugenini, akaita kwa Kiganda: "Tosha, jangu." Hakuna kitu. Hajara akamsukuma kando, kwa maana mbwa huyo alikuwa amewafukuza wezi dukani mara mbili, na yeye, ingawa hakuwahi kulisema mbele ya majirani, alimpenda.

"Basi ita pole pole, mama," Masaba alisihi.

"Pole pole hasikii."

Akasimama mdomoni mwa pango, akaita kwa hasira yote aliyopanda nayo. "Wewe! Toka nje! Kuja hapa! Lala chini!" Mwangwi uliirudisha sauti yake, ikawa kama ya wanaume wengi.

Tosha alitoka, akajilaza matopeni. Hajara akamgeukia Masaba, tayari kumwambia umeona sasa. Masaba hakuwa akimtazama yeye. Nyuma ya mbwa alikuwa anatoka bibi kizee, aliyekuwa amejikinga mvua mle ndani na mzigo wake wa machipukizi ya mianzi. Mikono yake ilikuwa juu. Alipiga magoti, akalala kifudifudi kando ya mbwa.

"Inuka, mama," Hajara alisema. Bibi akainuka upesi, mikono juu.

"Hapana, hapana. Kaa tu." Akakaa.

"Usiogope." Hilo bibi hakulielewa. Halikuwa miongoni mwa maneno aliyowahi kuambiwa.

Hasira ya Hajara ilimwacha Masaba, ikawaendea wale walioiingia lugha ya mama yake na mabuti, wakapanda nayo hadi huku juu, wakamwachia mzee wa watu amri tupu. Alichuchumaa, akamshika bibi mikono, akaishusha mmoja mmoja. Masaba akazungumza naye kwa Kimasaba, taratibu, kwa muda mrefu.

"Huyu naitwa Nambozo," Masaba alisema mwishowe, bila kumtazama Hajara usoni. "Mimi nasema nyinyi ni wageni tu, hataki kuamini. Yeye nauliza kijana yake mulimupeleka wapi."